Kwenye Njia ya Kiboko

Buyenzi, Bujumbura, 9 Oktoba 2024

Mama yangu,

Asalam aleykum. Mgongo umetulia? Kaka Uthmani na watoto wake wa hapo Gitega nao? Huku tuko salama, ni joto tu la Buja linatuchemsha. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu tunakatizana maneno.

Jumamosi nawapeleka watu kutazama ndege kwenye delta ya Rusizi. Ndege wa Ulaya wameanza kushuka, wanakimbia baridi ya kwao: mbayuwayu, vitwitwi, na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Kundi ni dogo. Yumo Danielle, rafiki yangu mwalimu wa Gihosha, na kijana wa benki anaitwa Maxime, ana kamera mpya na haraka nyingi. Mlinzi wa mbuga, Rénovat, atakuwa nasi. Ni mara yangu ya kwanza kuongoza mwenyewe. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Niombee dua.

Mwanao, Hayat

&nbsp;

Gitega, 10 Oktoba

Hayat, mutoto wangu,

Waaleykum salaam. Mgongo ni uleule, Uthmani na watoto ni wazima. Barua yako nimeisoma nikakaa chini.

Ni maji yaleyale, Hayat. Baba yako Shakuru alitoka gereji akashuka ziwani Kajaga kunawa mafuta mikononi, mutu muzima, hakurudi. Kiboko alimukuta amesimama kwenye njia yake. Na watu walikuwepo! Wavuvi, na wengine wanakunywa soda. Kila mutu alikimbia upande wake. Mi niliitwa tu kutambua shati.

Na sasa ziwa limepanda, hata viboko wenyewe hawajui tena kwao ni wapi. Apana. Sikukuzaa ili usimame kati ya kiboko na watoto wa watu. Hao ndege wanapita mpaka juu ya nyumba. Watazame hapo uani. Ukienda Jumamosi, usiniandikie tena.

Mama yako, Khadidja

&nbsp;

Hospitalini, Bujumbura, 14 Oktoba

Mama,

Asalam aleykum. Nilikwenda, na sasa nakuandikia. Nisamehe kwa yote mawili. Mwandiko huu ni wa Danielle, maana mkono wangu wa kulia umevunjika na bega limeteguka. Niko hai. Shika hilo kwanza, mengine uyasome polepole.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Mbayuwayu walijaa mpaka matete yanainama. Niliwaambia wote: ukiona kichochoro kimekanyagwa kwenye matete, hiyo ni njia ya kiboko, usisimame hapo. Rénovat alibaki nyuma na mama mmoja aliyechoka. Nilipogeuka, Maxime hayupo. Alikuwa ameshuka kwenye njia hiyohiyo kupiga picha ya sululu, ametugeuzia mgongo, maji yako mbele yake.

Mara matete nyuma yake yakapasuka. Kiboko alikuwa anatoka malishoni, anarudi majini, na Maxime yuko katikati.

"Hayat, usiende," Danielle akaninong'oneza. "Tumuite Rénovat."

Nikamwambia Maxime kwa sauti ya chini, "Toka njiani! Ingia kwenye matete, kushoto!"

Akageuka, akamwona mnyama, akaganda. "Siwezi," akasema. "Miguu inakataa."

Sitakudanganya kwamba niliwaza. Niliona shati lake la buluu, nikakumbuka shati lile uliloitwa kulitambua. Nikakimbia, nikamkumba kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili kwenye tope pembeni. Kiboko akapita. Hakuning'ata, alinigonga tu kwa ubavu akielekea majini, nikasikia mkono wangu unalia kama kuni kavu. Maxime hana hata mchubuko. Kila akija kuniona analia.

Danielle anasema nisiliseme hili, lakini nalisema: nimeumia, sijajuta. Nikasirikie, Mama, ila unijibu.

Mwanao, Hayat

&nbsp;

Buyenzi, 21 Oktoba

Mama,

Asalam aleykum. Natumaini uko mzima, maana hakuna anayeniambia. Wamenifunga plasta, nimerudi nyumbani. Dereva wa basi la Gitega anayetubebea barua anaapa kwamba hii ya mwisho alikupa mkononi. Nikamuuliza ulisema nini. Anasema uliisoma palepale mlangoni, ukaikunja, ukaingia ndani. Kaka hapokei simu zangu.

Hata neno moja.

Mwanao, Hayat

&nbsp;

Gitega, 27 Oktoba

Hayat, mutoto wangu,

Waaleykum salaam. Mgongo usiulize. Na kaka yako nilimukataza mi asipokee. Kila nikishika kalamu yalitoka maneno ambayo mama akishayasema hawezi kuyarudisha, basi nikachana karatasi.

Jana walikuja wageni: huyo Maxime wako na mama yake, Consolate. Sikuwapa viti. Kijana akaanza, "Pardon, mama, pardon," nikamwambia nyamaza. Nilitaka kumwambia yule mwanamke: kidogo mutoto wako aniulie wa kwangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Basi yeye, huku ananitazama mimi, akachukua ncha ya kitenge chake akamufuta mwanawe jasho usoni. Mwanaume na ndevu zake! Sidhani hata alijua anafanya hivyo, mkono ulienda wenyewe. Nikaingia jikoni nikalia kama siku ya Kajaga. Baba yako hakupata mutu wa kumusukuma pembeni. Huyu alipata, na mutu mwenyewe ni we.

Nikatoka na chai. Tukainywa. Wakati wa kuondoka yule mama alinishika mikono yote miwili, hakuachia haraka.

Lakini usidhani nimekubali. Kukuambia uende tena kule siwezi, na sijui kama siku moja nitaweza. Ninachojua ni kwamba kwa mkono mmoja huwezi kujifunga kitenge wala kusuka nywele. Kesho nashuka Buja. Tafuta kitana na mafuta, uketi chini mbele yangu. Kugombana tutagombana, lakini nitakuwa nimekushika kichwa.

Mama yako, Khadidja