Kumfundisha Emmett Kukumbuka

Jumapili, 7 Januari

Emmett hakula. Mama alichemsha pyrohy, vifuko vya unga vya Kiukraine vyenye viazi na jibini ndani, akazikaanga na vitunguu vile apendavyo, naye akazisogezasogeza tu kwenye sahani.

"Mama Darka, leo nimeshiba hewa."

Mama akacheka. Mimi sikuweza. Huu ni msimu wake wa tatu kwetu. Timu ya mji ya magongo ya barafuni, inayowapangia vijana wake familia za kuishi nazo, ilimleta akiwa na miaka kumi na sita, mabegi mawili yananuka jasho, akapewa chumba cha kushonea cha Mama. Tangu siku ile hajabakisha hata kipande cha mkate.

Ni lile pigo la jana. Kipindi cha pili, kwenye kona, beki wa wapinzani alimbamiza ukutani. Helmeti iligonga kioo kinachozunguka uwanja — niliusikia mlio kutoka safu ya tisa. Akapiga magoti. Akasimama. Uwanja mzima ukampigia makofi na Kocha akamrudisha mchezoni baada ya dakika tano. Mji huu unapenda sana mtu anayesimama.

Ameomba tufunge pazia la jikoni. Anasema theluji inang'aa mno. Lakini ni theluji ileile ya kila siku.

Jumatatu, 8 Januari

Amefaulu kipimo! Mchezaji akigongwa kichwa, Bwana Friesen, tabibu wa timu, anamketisha mbele ya kompyuta. Kukumbuka maneno, kukumbuka maumbo, kubonyeza haraka. Kisha matokeo yanalinganishwa na yale ya Agosti, kabla ya msimu, kichwa kikiwa kizima. Leo yamelingana kabisa.

Nilifurahi mpaka tulipokuwa kwenye gari. Yeye ndiye hunirudisha nyumbani kutoka shule, kwa pikapu ya Baba. Nikamuuliza amewezaje, na asubuhi alikuwa anashika ukuta akishuka ngazi. Aliendesha mpaka tukapita ghala la nafaka. Halafu akasema kwamba Agosti hakujibu kweli. Prokop, nahodha wao, huwafundisha wote wanaoingia: kosea makusudi, si sana, kiasi tu. Ili siku ukigongwa uonekane uko vilevile.

"Timu nzima, Profesa. Kila Agosti sisi sote ni wajinga."

Profesa ndilo jina analoniita, kwa ajili ya vitabu vyangu. Alicheka, kisha akakunja uso na kushika paji. Kumbe kompyuta imesema tu kwamba yuko sawa na uongo wake.

Bwana Friesen naye ana shaka. Ijumaa atampima tena, kwa mdomo, uso kwa uso. Mpaka wakati huo haruhusiwi kugusa barafu.

Jumatano, 10 Januari

Orodha ya katikati ya msimu, ya vijana bora wa kuchaguliwa, imetoka. Emmett ni wa thelathini na nane! Mwaka jana hakuna aliyemtaja hata kwa makosa. Mwezi Juni timu za ligi kuu zitachagua vijana wao, na mtu wa thelathini na nane karibu lazima achaguliwe. Baba ameibandika orodha kwenye friji. Wasaka vipaji wa timu tatu watakuja kumtazama Jumapili ya tarehe ishirini na moja.

Baada ya chakula Emmett aligonga mlango wangu. Alitaka nimsaidie insha. Nikampa kitabu, akakitazama, akanirudishia.

"Nisomee wewe. Herufi zinatembea."

Nikamsomea kurasa kumi na mbili. Alilala chali kwenye zulia langu, taulo machoni. Kisha, bila kuondoa taulo, akasema insha inaweza kungoja. Alitaka nimfundishe kujibu maswali ya Ijumaa. Huwa wanauliza yaleyale: maneno matano ya kukumbuka baada ya muda, tarakimu kutoka nyuma kwenda mbele, miezi kuanzia Desemba kurudi Januari.

Nikasema, Emmett, kama huwezi, si ndiyo maana ya kipimo?

Akageuza taulo upande wa baridi. Kisha akaanza kueleza, taratibu, kama anayehesabu. Akiwa na miaka minne baba yake alimwaga maji uani, kule kwao kwenye migodi, yakaganda, akamsukuma juu yake ameshikilia kiti. Miaka kumi na minne, akaenda kuishi na familia asiyoijua katika mji mwingine. Kumi na sita, kwetu. Krismasi nyumbani mara mbili tu tangu hapo.

"Wewe una vitabu, dada yangu. Ukikosa kimoja unachukua kingine. Mimi nikitolewa kwenye barafu, ni nani?"

Nilikubali. Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: sikukubali kwa huruma peke yake. Nilifurahi. Shuleni hakuna anayenihitaji kwa jambo lolote.

Alhamisi, 11 Januari

Tumefanya mazoezi saa mbili nzima. Miezi inamshinda. Anafika Septemba, anarudi Oktoba. Nikamwambia ashike kidole kimoja kwa kila mwezi, chini ya meza, Friesen hataona. Maneno matano nayo nilimfundisha kuyafanya hadithi: kiwiko, tufaha, zulia, tandiko, povu. Kiwiko kinaangusha tufaha kwenye zulia...

"Halafu farasi anakuja bila tandiko, anateleza kwenye povu!" akasema.

"Vizuri sana!"

"Maskini farasi. Naye atapimwa na Friesen?"

Tukacheka mpaka Mama akagonga ukuta. Kwa muda mfupi alikuwa Emmett kabisa.

Ijumaa, 12 Januari

Amepita!! Ameruhusiwa kucheza kesho. Aliniinua juu pale pale kwenye maegesho ya shule, mbele ya watu wote, akipiga kelele "Profesa! Profesa!" Miwani ilianguka kwenye theluji. Watu ambao hawajawahi kunisemesha wamenisalimia.

Jumamosi, 13 Januari

Wamecheza ugenini, mwendo wa saa nne kwa basi. Tumesikiliza redioni jikoni. Mabao mawili na pasi ya bao moja! Baba alipiga meza mpaka chumvi ikamwagika. Nami nilipiga kelele. Mtangazaji alisema kijana huyu anacheza kama asiyejua maumivu.

Jumapili, 14 Januari

Nilimkuta nyuma ya gereji, amepiga magoti, anatapika. Alikuwa anafukia kwa theluji kwa mikono mitupu.

"Usimwambie Mama Darka."

Nikasema nitamwambia. Akanishika mkono wa koti. Mpaka Juni tu, akasema. Wakishamchagua atapumzika, atalala majira yote ya joto, atasoma hata vitabu vyangu vyote. Juni tu.

Mchana baba yake alipiga simu. Sauti yake ilijaa sebule nzima.

"Mabao mawili, bwana mkubwa! Na kichwa?"

"Kipo shingoni, Baba."

"Hapo hapo! Kikae hapo mpaka Juni. Huku mgodini nimewaambia wote. Hata wasionipenda nimewaambia."

Emmett alikuwa anacheka kwa mdomo. Macho yamefumbwa.

Jumanne, 16 Januari

Nilisubiri nje ya shule dakika arobaini. Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Kope zilishikana. Mwishowe mwalimu wa biolojia akanirudisha. Pikapu ilikuwa uani, na Emmett jikoni anakunywa maziwa. Kunichukua kulikuwa kumemtoka kabisa. Miaka mitatu ananichukua kila siku!

Mama alimfokea kwelikweli. "Mtoto angekatwa vidole vilivyoganda! Una akili wewe?" Emmett alisimama tu na glasi mkononi. Akaomba radhi. Akapanda chumbani. Baada ya robo saa akashuka, akaniona nimejifunika blanketi, akasema kwa furaha:

"Leo umerudi na nani, Profesa?"

Mama hakusikia. Alikuwa kwenye mashine ya kufulia. Nikasema, na mwalimu.

Jumatano, 17 Januari

Wakati wa mapumziko nilikwenda maktaba. Nimesoma sura nzima kuhusu mtikisiko wa ubongo, na makala mbili. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujapona, unaweza kuvimba. Kuna kijana mmoja, miaka kumi na saba, pigo la pili lilikuwa dogo. Aliinuka mwenyewe. Alitembea mwenyewe hadi benchi. Akaketi.

Sitaandika yaliyofuata.

Mimi ndiye niliyemfundisha vidole. Mimi ndiye niliyemtungia hadithi ya farasi. Kama asingenipata mimi, Ijumaa angeshindwa, na sasa angekuwa amelala kwenye chumba chenye giza, ameninunia, mzima.

Jana usiku nilipanga kumwomba aseme mwenyewe. Leo nilimwomba. Akasema: wasaka vipaji wanakuja Jumapili, Darka. Siyo "Profesa". Darka.

Alhamisi, 18 Januari

Nimesema.

Bwana Friesen alikuwa anafunga utepe kwenye gongo la mchezaji mmoja. Ana vidole tisa. Cha kumi kilibaki kwenye barafu fulani zamani. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Ingia binti, joto linatoka." Nikamweleza yote. Kutapika, herufi zinazotembea, Jumanne. Agosti pia, ingawa sikumtaja Prokop. Halafu nikamweleza juu ya vidole chini ya meza, na nani alifundisha.

Hakunikemea. Ningependa anikemee.

"Alitaja miezi kwa ufasaha mno," akasema. "Hata mimi huwa najikwaa kwenye Agosti. Nilijua kuna kitu. Nilijua, na Kocha alikuwa amesimama pale mlangoni akitazama saa, nikatia sahihi."

Akaendelea kufunga utepe. Baadaye akasema hatamwambia Emmett habari imetoka wapi. Nikamshukuru. Nilipofika nje nikajichukia kwa ile asante.

Ijumaa, 19 Januari

Wamemtoa kwenye kikosi. Wamempeleka hospitali kubwa mjini wakampiga picha, na daktari amesema hatacheza mpaka atakapopimwa upya. Hakutaja tarehe.

Alirudi akapita sebuleni na viatu vyenye theluji. Mama alimfuata na chai. Nikasikia kupitia ukuta.

"Ni Prokop, Mama Darka. Friesen ameambiwa ya Agosti, na hayo tunayajua sisi wa timu tu. Juni hii ndiyo nafasi yake ya mwisho, anataka wamtazame yeye."

"Huna hakika, mwanangu."

"Nina hakika. Nimemwambia mbele ya wote. Nimemwita msaliti."

"Naye?"

"Alilia. Mnafiki! Nahodha mzima analia."

Mama akasema jambo sikulisikia. Kisha Emmett akaanza kulia na yeye, kwa sauti ya mtoto mdogo, na Mama akamwimbia ule wimbo wa bibi wa Kiukraine ambao sijausikia tangu nikiwa na miaka sita.

Nilisimama kwenye korido. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Ulikuwa pale pale, wala sikukizungusha.

Jumamosi, 20 Januari

Hakuna cha kuandika. Mwoga.

Jumapili, 21 Januari

Naandika hapa uwanjani, safu ya tisa, kalamu inaganda. Mchezo ulianza saa nane mchana. Anayetolewa kikosini huvaa suti na kukaa na watazamaji, ndiyo desturi. Emmett amevaa suti ya buluu aliyonunuliwa na baba yake kwa ajili ya Juni. Mama alimsihi abaki kitandani. Akasema akibaki watadhani ameficha uso. Mama amemkubalia kipindi kimoja tu, na amenipa kazi ya kukaa naye.

Wasaka vipaji wako juu kabisa, watu watatu, kahawa, vijitabu. Mmoja ameshuka akampa Emmett mkono. "Pona, kijana." Kisha akapanda tena na kufungua ukurasa mpya. Niliona. Emmett naye aliona.

Prokop anacheza vibaya. Kila mara kile kisahani cheusi wanachokigombea kinampita, na watu wa nyuma yetu wanapiga miluzi. "Msaliti!" Habari imeshaenea. Mwanamume wa duka la vyuma, mtu mzima anayeimba kanisani, anapiga kelele "Msaliti!" Mama yake Prokop yuko safu ya nne. Hageuki.

"Ngapi kwa ngapi?" ameniuliza Emmett.

"Wao mbili, sisi moja."

Nimejipa muda mpaka mapumziko. Nimeyapanga maneno. Mafupi. Ni mimi. Si Prokop. Ni mimi, na ningesema tena.

"Ngapi kwa ngapi, Profesa?"

Ameniita Profesa! Nikamjibu: mbili, moja. Akatikisa kichwa taratibu, kama habari mpya. Ubao wa mabao uko mbele yetu, mkubwa kama ukuta wa nyumba.

Kengele. Mapumziko. Nikamgeukia. Nikasema, "Emmett, si Prokop. Ni mimi niliyekwenda kwa Friesen."

Alinitazama. Muda mrefu. Nilingoja anipige, au anyanyuke aende akae kwingine. Uso wake ulikuwa mpole kabisa.

"Friesen amekwambia nini?" akauliza. "Nacheza kesho?"

 Akanipigapiga goti, akasema nina uso wa mtu mwenye njaa, ananiletea viazi vya kukaanga, na siki nyingi, si ndiyo? Ndiyo, nikasema. Akaenda. Nilipaswa kumfuata, lakini nikashika kalamu kama kawaida yangu.

Dakika nane sasa. Kibanda cha viazi kiko kushoto, chini ya ngazi, tangu uwanja ujengwe. Foleni yote naiona kutoka hapa. Suti ya buluu haimo.

Alikwenda kulia. Kulia kuna mlango wa nje tu, na nje ni baridi ileile ya kugandisha vidole. Koti lake liko hapa kwenye kiti, linanigusa mkono —