Mbuzi Wawili wa Akika

Tingi, Jumamosi

Kaka yangu Ibrahimu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Huku hatujambo, ila usingizi nausikia kwa majirani tu. Huyu mchanga akilala, mkubwa anaamka. Naandika kwa sababu simu yako siku hizi anapokea mpambe wako Likwata, na haya si ya kupitia kwa Likwata. Nimempa jirani yangu Bi Maimuna akukabidhi mkononi.

Nilipojifungua ulituma salamu kwamba akika ya mtoto tukuachie wewe, tusiifanye siku ya saba, tusubiri upate nafasi. Nilifurahi mpaka machozi. Kaka ambaye hajakanyaga kwangu tangu nizae wa kwanza, leo anataka kumchinjia mpwa wake! Abdulrahmani aliniuliza tu nafasi hiyo unaipata lini. Nilipomtajia, akasema mbona ni wiki ile ile ya kura za maoni za ubunge. Nikamwambia, mume wangu, una roho mbaya.

Basi juzi Likwata akaja na pikipiki, mbuzi wawili wamefungwa nyuma. Akasema Mheshimiwa ameshaalika watu, nisihangaike. Nikamuuliza watu gani. Akawataja wa Miteja, wa Likawage na wa hapa Tingi, na wote ni wajumbe wa chama. Nikauliza, majirani walionichotea maji nikiwa kitandani, wamo? Akacheka, akasema, dada, hao wanampigia nani kura? Kisha akaninong'oneza kwamba kuwalisha wajumbe kumekatazwa, lakini akika atakataza nani. Bi Maimuna alikuwa anapepeta mchele pale, akasema mtoto huyu atakuwa mbunge kabla hajaota jino. Tulicheka wote.

Tangu hapo mawazo yangu yanarudi nyuma tu. Ulipogombea uenyekiti wa kijiji, jando la mwanao lilijaa wazee wasiojua hata jina lake. Ulipotaka udiwani, ilikuwa harusi yangu. Nilikuwa ndani nimefunikwa, nikasikia makofi, nikadhani ni yangu, kumbe umesimama unahutubia. Na khitma ya mama, kaka? Ilisogezwa mpaka madiwani wote wapate nafasi, na wiki iliyofuata wakakuchagua mwenyekiti wa halmashauri. Labda nakusingizia. Ningependa iwe nakusingizia. Kisima cha Miteja ulikichimbisha kweli, na zahanati uliipigania, hayo siyafuti.

Lakini wale mbuzi wawili ndio walionimaliza. Wawili ni wa mtoto wa kiume. Kaka, mwanangu ni msichana. Umealika watu wa vijiji vyote hivyo waje kula akika ya mtoto ambaye hukuuliza hata amezaliwa nani.

Kwa hiyo sikusubiri. Leo asubuhi Abdulrahmani amechinja mbuzi mmoja, tuliyemfuga wenyewe. Mwalimu wa madrasa amesoma dua, Bi Maimuna amemnyoa mtoto, na nyama imegawiwa kwa hao hao walionichotea maji, bila kuvunja mfupa hata mmoja, kama desturi ya akika ilivyo. Imekwisha, na akika haifanywi mara mbili. Wageni wako uwaambie utakavyojua. Mbuzi wako nimewafunga nyuma ya nyumba, wanamaliza majani ya muhogo wa watu. Mtume Likwata awafuate.

Mtoto tumempa jina la mama, Somoe. Kidevu amechukua chako, kila anayemwona anasema. Ukitaka kumpakata njoo, hata kesho, chai ipo. Ila uje peke yako, kaka, na Mheshimiwa umwache huko huko. Hapa anasubiriwa mjomba.

Wifi na watoto wape salamu zangu. Abdulrahmani naye anakusalimu, na anakusalimu kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Naima