Usimtajie

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paa la karakana limeacha kuvuja, na baba yako angali anatengeneza makabati. Umeshauri afunge kazi kwa kuwa anasahau majina ya vitu. Ni kweli, anasahau. Juzi alininyooshea mkono: "Mwalimu, nipe ile... ile ya kulainishia mbao."

"Randa," nikasema.

"Nilikuwa nayo mdomoni! Umeninyang'anya."

Daktari anasema ubongo huweka maana ya kitu mahali fulani, na sauti ya jina lake mahali pengine, na njia baina ya hizo mbili hudhoofika kwa umri au uchovu. Ukilazimisha, huja neno jingine linalofanana nalo, likaziba njia. Ameniagiza nisimtajie, nimwache alitafute mwenyewe. Kwangu mimi, niliyesahihisha watu maisha yangu yote, hiyo ni adhabu. Lakini mikono yake haijasahau kitu. Droo zake bado hufunguka kwa kidole kimoja. Kwa hiyo hafungi karakana.

Jana, tukinywa chai, aliuliza, "Yule... yule mrefu wetu, atakuja lini?"

"Yupi?"

"Acha mitihani, mwalimu. Yule aliyevunja msumeno wangu akauficha chini ya kitanda."

Ni wewe. Nilisubiri mpaka chai ikapoa, jina halikuja. Sikumtajia.

Njoo mwezi huu. Kaa naye kwenye benchi lake, wala usijitambulishe. Jina lako tutalisubiri pamoja.

Mama yako,
ambaye bado anajifunza kunyamaza