Kopo Uliloondoka Nalo

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo yako ya bluu, ile uliyokuwa unaipindua na kuikalia ukipima mayai kwa tochi. Mtoto amelala mgongoni. Nikimtua ataamka, kwa hiyo naandika hivi hivi nimeinama, na mwandiko utausamehe. Daftari ni la mjukuu wako Amito. Ameanza nasari, na kurasa za mwanzo amezijaza miduara. Anasema ni mayai.

Kuna jambo nimelibeba tangu tulipokuzika kule Lira. Kopo lako liko kwako. Nililiweka mimi.

Wanawake walipotoka kwenda kupokea wageni, nilibaki nawe dakika chache kunyoosha blanketi ndani ya sanduku. Kopo lilikuwa kwenye mkoba wangu, lile la jeshi lenye kishikio kilichopinda, ulilotoka nalo kambini ukistaafu. Nikalisukuma chini ya blanketi, karibu na miguu. Niliona si vizuri uende safari ndefu hivyo bila chombo chako. Ulinywea chai humo miaka yote, na mwisho ulikuwa unanywea uji humo humo, maana vikombe vingine ulisema vinateleza. Nilifikiria chai. Nilifikiria uji. Kanga wako wa bandani sikuwafikiria hata kidogo.

Na wewe unajua vizuri kuliko mimi. Saa kumi na mbili jioni ulikuwa unasimama mlangoni mwa banda na mahindi ndani ya kopo, unagonga na kijiko. Mara mbili, unanyamaza, mara tatu. Kanga waliokuwa wametawanyika bondeni mchana kutwa wanatafuta wadudu walikuja mbio, vichwa mbele, kama askari waliochelewa paredi. "Jipangeni," ulikuwa unawaambia. Na kweli walijipanga. Yule dume mzee uliyemwita Afande alikuwa anakuja wa mwisho, taratibu, na wewe ulimngoja bila kumkemea.

Tuliporudi Kansanga kutoka mazikoni nilichukua sufuria ndogo nikaenda mlangoni saa ile ile. Nikagonga mbili, nikanyamaza, nikagonga tatu. Wakaniangalia, Baba. Walisimama wote wakanitazama kama mtu aliyewapigia simu kimakosa. Halafu wakaruka ukuta, wakaenda kulala kwenye mti wa ovakado wa jirani yetu Nalongo.

Ndipo nikajua nilichokifanya. Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Siku zilizofuata nilijaribu kila kitu. Sufuria kubwa, kopo la maziwa, mfuniko wa debe. Nilikwenda mpaka soko la Owino na mtoto mgongoni, nikazunguka kwa wauza vyombo vya mitumba nikigonga kopo moja moja na kijiko nilichobeba kutoka nyumbani. Muuzaji mmoja aliniangalia wee, akasema, "Nyabo, mama, unanunua kopo au unanunua ngoma?" Nikamwambia nanunua sauti. Akamwita mwenzake, "Njoo umwone mteja wa sauti." Walicheka, lakini mwishowe walinisaidia kugonga. Tukapata moja lililokaribia. Mimi ningeapa ni lenyewe. Kanga hawakudanganyika hata dakika moja.

Mbwa walichukua wawili. Mmoja hatukujua alikwenda wapi. Majike wakawa wanataga huko huko nje, kwenye majani ya viazi ya Nalongo. Yeye, Mungu ambariki, alikuwa ananiletea mayai ndani ya kitenge chake. "Wapangaji wako wamelala kwangu tena," alikuwa anasema. "Waambie basi waje na mablanketi yao." Lakini mayai ya porini ni ya kubahatisha, ulinifundisha mwenyewe. Hujui limetagwa lini, hujui limelowa mara ngapi. Huwezi kulitia kwenye mashine ya kutotolesha ukalitegemea. Kanga wasiolala bandani maana yake hakuna mayai, na bila mayai mashine ni sanduku la mbao tu.

Ogwal aliliona hilo haraka. Unamjua mwanao, polisi hata akiwa amevaa kandambili. Alikuja Jumapili, akatafuta kopo nyumba nzima, chini ya kitanda, jikoni, mpaka ndani ya gunia la chakula. Mimi nikanyamaza. Alipochoka akakaa, akasema, "Akello, kanga ni ndege wa porini. Mzee alikuwa anawadanganya tu, na ameondoka na uongo wake." Akasema kuna mtu wa hoteli anawataka wote wa nyama. Banda litageuzwa vyumba vya kupangisha. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Wewe una watoto wawili na mume yuko na lori barabara ya Juba. Utalala lini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Lakini nilimwambia hapana. Nikamwambia, "Kuna mayai ya Baba ndani ya mashine. Hao watakaotoka, niache niwalee. Siku ya kuwatoa nje uje ushuhudie. Wakilala kwa Nalongo kama wazazi wao, mwite mtu wako. Wakiingia bandani, neno hoteli usinitajie tena." Akaniangalia, akasema, "Umeanza kuongea kama yeye." Tukakubaliana.

Mayai yale, Baba, ndiyo uliyoyaingiza wewe wiki ile kabla hujalala kitandani. Kila moja umelichora kwa penseli, msalaba upande huu, duara upande ule, ili anayegeuza ajue. Tulipokuwa mazikoni Nalongo ndiye aliyegeuza, asubuhi na jioni. Aliniambia mwanzoni aliogopa, alidhani misalaba ni dawa. Nilipomweleza akashika mdomo. "Bambi, masikini, na mimi kila nikifungua nilikuwa nasali kwanza." Huenda ilisaidia. Karibu yote yalikuwa hai.

Siku tatu kabla ya mayai kuanguliwa, nilipofunga mashine isifunguliwe tena, ndipo nilipokukumbuka. Nilikuwa mdogo, nimesimama nyuma yako, na wewe umekaa kwenye ndoo hii hii unagonga kopo polepole karibu na mbao za mashine. Nikakuuliza unamgongea nani. Ukasema, "Wasikie nyumbani kabla hawajapaona." Nilidhani ni mchezo wa mzee. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Si kwamba kopo lilikuwa na uchawi, ni kwamba liliwatangulia. Kanga humfuata aliyewagongea wa kwanza, na hao wa kwenye ovakado waligongewa na wewe, na hakuna kopo la Owino litakalolibadilisha hilo.

Basi nikachukua kilichokuwa karibu, kikombe cha bati cha Amito na kijiko chake cha uji. Sikuiga mbili na tatu. Hizo ni zako. Nilipiga tatu za haraka kisha moja, kama Amito anavyopiga akitaka kuongezewa. Niliwapigia wakiwa ndani ya mayai, na ndani wakaanza kulia, vijisauti vyembamba, mpaka nikaogopa.

Walianza kutoka asubuhi nikipika uji. Mmoja alitoboa katikati ya duara lako. Nilimwona anasukuma, alama yako ya penseli inapasuka. Ganda hilo nimelihifadhi, usinicheke.

Tangu hapo kila nikiwalisha nagonga. Sikudanganyi, nimechoka, Baba. Kuna siku nilisinzia nikinyonyesha, nikazinduka mkono mmoja unagonga kikombe na mtoto ananikodolea macho. Amito akisikia sauti anakuja mbio na yeye, anasimama nyuma ya vifaranga kwenye foleni. Nimemwambia yeye si kanga. Hakubali.

Jumamosi iliyopita niliwatoa nje kwa mara ya kwanza, wakubwa sasa, madoadoa yao yametoka vizuri. Ogwal alikuja akakaa kwenye ndoo yako, mikono kifuani. Nalongo aliegemea ukuta wake. "Leo wapangaji wangu wanahama au hawahami?" akauliza. Vijana walishinda bondeni na wazee wao, wamechanganyika, na kila nilipochungulia niliona wanajifunza kutoka kwao kila kitu, namna ya kuchimba, namna ya kukimbia. Nikasema moyoni, na kulala kwenye ovakado watafundishwa vilevile.

Saa kumi na mbili nikasimama mahali pako. Mtoto alikuwa analia mgongoni. Nikagonga tatu za haraka, moja. Hakuna aliyekuja. Wazee wakaanza kupanda mtini, na kijana mmoja akawafuata mpaka juu ya ukuta. Ogwal akaangalia chini. Nikagonga tena.

Yule wa ukutani akageuza kichwa. Akashuka. Halafu wakaja wote, Baba, vichwa mbele, vile vile, wakapita katikati ya miguu yangu kama maji. "Jipangeni," nikawaambia. Majike mtini wakaanza kupiga kelele, wakaona watoto wanakula ndani wao wako nje. Mmoja akaruka chini. Wa pili. Waliingia mmoja mmoja, wananikwepa, hawataki niwaguse, lakini waliingia.

Ogwal aliinuka, akautikisa mlango. "Bawaba imelegea," akasema. "Nyundo iko wapi?" Hilo ndilo jibu lake na limenitosha. Alipokuwa anapigilia misumari nikamwambia habari ya kopo. Aliacha kugonga. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Nimelitafuta hadi ndani ya gunia," akasema. "Basi huko aliko Mzee saa hizi ameshawapanga wote foleni."

Nisamehe kwa kunyamaza. Kukuwekea sijutii.

Afande peke yake ndiye hajaingia. Majike wote wameshuka, yeye bado yuko kwenye ovakado ya Nalongo, kwenye tawi linaloangalia mlango wetu. Nikigonga ananyoosha shingo, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anarudisha kichwa. Anangoja mbili na tatu. Ogwal alitaka kupanda amkamate, nikamkataza. Mahindi yake namwekea chini ya mti, na mlango naufunga baada ya kumngoja kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya.

Lala vizuri, Baba. Mtoto anaamka, na kesho naingiza mayai mapya kwenye mashine, safari hii msalaba na duara ni vya mkono wangu. Nakuahidi kila jioni nitakuwa pale mlangoni, niwe nimelala au sijalala. Kopo baki nalo. Siku utakayomtaka Afande, mgongee, atakusikia. Hawa wengine niachie mimi.

Binti yako,
Akello