Sauti Iliyo Zizini Si Yangu

Uholanzi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mama naye shikamoo. Mnaendeleaje huko Mugeta? Mgongo umepoa? Na ule mtama, ndege wamewabakizia chochote? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Barua hii nimempa mtu anayerudi Musoma, ampe kaka Magesa, naye akukabidhi mkononi. Isome ndani, kimyakimya, mbali na zizi.

Baba, ile kamera ya zizini niliyokununulia mtandaoni ili nikuone na kukusalimia kwa spika yake, sijaongea nawe kupitia kwayo tangu mvua za vuli zianze. Zamu ilibadilishwa, jioni yako inanikuta kazini kwenye mabanda ya maua. Ndipo Magesa akanisimulia ulivyomwambia: "Bhoke anaongeaga na mimi kila jioni. Siku hizi anaulizaga sana nani analalaga na ng'ombe."

Nilicheka, nikasema ni uzee. Siku ya mapumziko nikafungua kamera nitazame tu, mdomo nimefunga. Nikasikia sauti yangu ikiita, "Mabaka, njoo." Yule ng'ombe akainua kichwa, akaenda hadi uzio wa nyuma, wengine wote wakamfuata. Wewe ukaitikia, "Ehee, mwanangu." Nilipokupigia ulinikatia, ukamwambia Magesa kwamba Bhoke wa kwenye kamera amekuonya: anayepiga simu ni tapeli.

Hatukukaa bure. Magesa alipeleka malalamiko mahakamani Bunda, akaambiwa hawana mamlaka, maana kampuni ya kamera haipo Tanzania na mkataba niliufunga mimi huku. Mwanasheria wa huku naye anasema anayedhurika yuko huko, pamoja na ng'ombe wake. Na masharti niliyoyakubali kwa kubonyeza bila kusoma yanasema kesi yoyote iende kwenye kisiwa ilikosajiliwa kampuni. Haraka haraka haina baraka, leo nimeionja mwenyewe. Tumeandika huko kisiwani, na barua zinarudi bila kufunguliwa.

Mwanasheria anasisitiza kamera isiguswe, ibaki inawaka, kwani ndiyo ushahidi wetu pekee mpaka ipatikane mahakama ya kutusikiliza. Magesa anamtii. Mimi nimeshindwa. Baba, kata waya, ivunje kwa shoka, kesi ife. Heri nikose haki kuliko wewe kufungua lango la zizi kwa kuitwa na mimi.

Nisalimie mama, shangazi anayekaanga samaki kivukoni Kisorya, na babu wa Mwitongo, mwambie miwani yake naitafuta.

Jambo moja tu. Ukishika huo waya utanisikia nikilia, nikikusihi uache. Nitakuita kwa lile jina la utani tunalolijua wawili tu, maana nililitaja mbele ya kamera. Usinisikilize, Baba.

Ni mimi, kwa mkono wangu,
Bhoke