Linani Amekaribishwa Malaba

Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Hujambo, na magoti je? Lori letu bado linangoja karatasi hapa Malaba, na mvua imetufungia kwa hoteli ya Mama Asekenye. Tulikuwa tunakula ugali wa wimbi na kuku, dereva wangu Kiprono akaanza hadithi ya jitu la msituni lenye manyoya mwili mzima. Kwao linaitwa Chemosit. Dada mmoja Mjaluo, muuza dagaa wa omena, akasema kwao ni Apul-Apul. Mimi nikasema, "Sisi tunaliita Linani."

Mhubiri mmoja akagonga meza. "Hayo ni majina ya shetani! Yakaneni!"

Mama Asekenye hakuacha kupakua. "Pasta, hapa watu wanataja majina waliyopewa na nyanya zao. Kama hutaki, mlango uko wazi."

Nikakumbuka walivyokukataza kanisani usisimulie watoto hadithi hizi, nawe ukabaki kuzinong'ona jikoni. Nikasimama, Kukhu. Nikasimulia vile Linani alivyomeza kijiji kizima akabaki msichana mmoja, na wimbo wa hadithi hiyo nikauimba mpaka madereva wakaitikia. Mhubiri aliinamia chai yake. Nilipotua kidogo, akauliza polepole, "Na huyo msichana, alitoroka?"

Ukisomewa kadi hii, waite watoto wote jikoni na uwasimulie bila kunong'ona. Atakayekuja kukukataza, mpe kiti asikilize mpaka mwisho.

Mungu akutunze.

Mjukuu wako,
Wafula