Baba, Mjukuu Wako Analia kwa Nguvu

Baba,

Amezaliwa. Ni mvulana, mdogo, lakini akilia majirani wote wanajua. Natamani ungemsikia.

Nilipoolewa na Yusuf, Msomali, kaka zangu walisema kule Meru hawana dada tena. Wewe peke yako uliendelea kushuka Isiolo na maharagwe yako ya kuuza, unapita kunijulia hali. Halafu vita vya shifta vikaja, Wasomali wenye bunduki wakipigana na serikali. Askari wakamchukua Yusuf kumhoji, na mimi mimba ilikuwa changa. Mama yake akaacha kunisemesha. Alidhani ni mimi niliyemchongea kwa serikali. Sokoni nako Wameru wenzetu wakaniita bibi ya shifta. Chakula kikanikataa. Nilikonda, tumbo likawa linakaza, mpaka mkunga akaniambia, "Mama, mtoto anakula mawazo yako."

Ndipo ukaja. Sijui uliwaambia nini askari waliofunga barabara. Ukasimama mlangoni kwa Mama Yusuf, kofia mkononi, ukajaribu salamu yao: "Salamu aleko." Ukamwambia, "Mama, wako wamemchukua. Wangu huyu hapa kwako. Akilia, nani atamnyamazisha?"

Akageuka, akaingia ndani. Akatoka na chai, akakupa.

Ukapika uji wewe mwenyewe, Baba, mzee mzima unapuliza moto jikoni kwa wakwe, wanawake wanacheka. Ukanishikia kikombe. "Kunywa. Kunywa kwanza, utalia baadaye."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyokuona.

Kifua kilikuchukua, na kaka zangu hawakuniambia mpaka wamekuzika. Walituma neno moja: nisije, nitawaletea serikali. Nilianguka pale uani. Aliyeniinua ni Mama Yusuf. Alinikalisha, akaniosha uso, akasema, "Baba yako alikuja kwangu kwa miguu yake. Lia. Mimi niko." Tangu siku ile hakuniacha nibebe maji, na walionisema vibaya aliwafukuza mlangoni. Uchungu ulipokuja, nilimshika shingo yeye.

Yusuf bado hajarudi. Tunamngoja, sisi wawili.

Lala salama, Baba yangu. Barabara ikifunguliwa, nitamleta mtoto kaburini kwako, kaka watake wasitake. Nilimwambia Mama Yusuf naogopa watanifukuza. Akafunga shuka yake vizuri, akasema, "Basi watatufukuza wote. Mimi nakuja na wewe."

Ni mimi, binti yako.